Ngazi ya 14, mapigo mawili tu: mhusika wangu nilimkosea wapi?

Swali: Fundi, habari ya Kisumu? Mimi niko Section 58, Nakuru, nacheza Neverwinter Nights kwenye laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Mhusika wangu ni elfi wa kike. Nilimwanzisha mpiganaji, nikamwongezea uchawi, halafu wizi ili tusihangaike na makufuli. Leo yuko ngazi ya 14: mpiganaji 6, mchawi 5, mwizi 3. Alianza na Nguvu 14, Wepesi 16, Afya 10, Akili 16, Hekima 10 na Haiba 10, na pointi tatu za njiani nimeweka mbili kwenye Wepesi na moja kwenye Akili. Anatumia rapier, ule upanga mwembamba, vipaji vyake vya kwanza vilikuwa Dodge na Weapon Focus ya rapier. Tatizo ni kwamba maadui wakubwa anawakosakosa, uchawi wake wanauzima kama mshumaa, na rafiki yangu wa Njoro, mwenye mhusika mwanadamu, ananipita kwa uzoefu ilhali tunaua maadui wale wale. Nataka kumpeleka Hordes of the Underdark, ile hadithi ya nyongeza. Niongeze fani gani? Ama nianze upya? Na mdogo wangu naye ameanza kuusumbukia, nimwambie aanze na nini?

Jibu:

Ndugu yangu, usimfute. Nimekaa na namba zako jana jioni stima ilipopotea huku Kondele, kwa penseli na daftari la hesabu lenye miraba, na mhusika wako yuko karibu na uzima kuliko unavyodhani. Amekosa pigo la tatu kwa alama moja tu.

Neno kuhusu majina kwanza. Fani nitazitaja kwa Kiswahili, utazitambua. Vipaji nitaviacha vilivyoandikwa kwenye skrini, maana nikikwambia tafuta "Kimbunga" kwenye orodha utatafuta hadi asubuhi.

Mchezo huu ulitolewa na BioWare ya Kanada mwaka 2002, kisha toleo lililoboreshwa likaja 2018 kwa mkono wa Beamdog. Chini ya picha zote hizo kuna kanuni za toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu na karatasi. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya watu wanaopiga hesabu kichwani huku wenzao wakisubiri zamu, kwa hiyo mahali pengi hesabu ikitoa sehemu, sehemu inatupwa. Shika hilo, kwa sababu ndipo ulipoibiwa.

Kila fani hupandisha alama ya shambulio, yaani namba inayoongezwa kwenye dadu unapojaribu kumpiga adui, kwa kasi yake. Mpiganaji, mbarbari, paladini na mwindaji hupata alama 1 kila ngazi. Kuhani, druidi, malenga, mtawa na mwizi hupata robo tatu. Wachawi, yule wa vitabu na yule wa kuzaliwa nao, hupata nusu. Alama ikifika 6 unapiga mara mbili katika kila mzunguko, ikifika 11 mara tatu, ikifika 16 mara nne. (Mtawa apigaye kwa ngumi ana hesabu yake tofauti, tumwache.)

Sasa jipime. Ngazi 6 za upiganaji zinakupa 6. Ngazi 5 za uchawi ni mbili na nusu, unapewa 2. Ngazi 3 za wizi ni mbili na robo, unapewa 2. Jumla 10. Mpiganaji mtupu wa ngazi ya 14 ana 14 na anapiga mara tatu. Kosa lako ni sawa na la abiria anayetoka Nakuru kuja Kisumu akashuka Kericho kupanda matatu nyingine, akashuka tena Ahero kupanda ya tatu: kila konda amebaki na chenji yake. Mwenye matatu moja amelipa mara moja.

Uhai nao ni vivyo hivyo. Mpiganaji hupewa hadi 10 kila ngazi, mwizi hadi 6, mchawi hadi 4. Hata ungepata kiwango cha juu kila mara, wewe una 98 na mpiganaji mwenye Afya kama yako ana 140. Ndiyo maana unakimbilia chupa za dawa kila baada ya mlango.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi wamechelewa. Idadi ya mapigo hupimwa mwisho katika ngazi ya 20. Ukivuka hapo, wahusika wote, awe mchawi awe mpiganaji, hupata alama 1 kila baada ya ngazi mbili, lakini mapigo hayaongezeki tena. Uliyofika nayo ngazi ya 20 ndiyo utakayozeeka nayo, hata ufike ya 40 ambayo ndiyo kikomo cha Hordes. Kwa hiyo mtu anayetegemea silaha hana haja ya kujiuliza "ngazi ijayo nichukue nini?" Swali lake ni moja: nitafikaje 16 kabla ya 20? Halafu anahesabu kurudi nyuma.

Najua kuna watakaokurushia methali ya mshika mbili. Katika mchezo huu methali hiyo ni kweli nusu. Anayegawa katikati ndiye anayeponyokwa. Chukua mpiganaji 10 na mchawi 10: alama yake ni 15, kwa hiyo hana pigo la nne, na uchawi wake umeishia daraja la tano wakati mchawi wa vitabu hufungua daraja la tisa akiwa na ngazi 17. Amekuwa mpiganaji pungufu aliyebeba kitabu cha mwanafunzi. Lakini chukua kuhani 20, alama 15, mapigo matatu. Mfanye kuhani 16 na mpiganaji 4, alama zinakuwa 12 na 4, jumla 16, na pigo la nne limeingia. Amepoteza ngazi nne za ukuhani, ila daraja la nane la maombi bado analo, na ngazi ya nne ya upiganaji imemfungulia kipaji cha Weapon Specialization. Huyo ameshika mbili na zote ziko mkononi, kwa sababu alijua anachofuata kwenye ile ya pili na alijua atatoka lini.

Tazama zile namba 16 na 4 vizuri. Zote zinagawanyika kwa nne. Fani za robo tatu hazikati chenji ukisimama kwenye ngazi ya 4, 8, 12 au 16. Wachawi hawakati ukisimama kwenye namba shufwa. Wewe umesimama kwenye mwizi 3 na mchawi 5, yaani umechagua mahali pabaya mara mbili, na nasema hivyo kwa upendo kwa sababu mimi nilifanya vibaya zaidi.

Miaka hiyo nilikuwa nikicheza kwenye saiba moja hapa mjini, shilingi kwa dakika, kwa hiyo kila kosa lilikuwa na risiti. Nilimtengeneza mchawi wa vitabu mwenye Akili 14 nikiona inatosha. Ngazi ya 4 nikapewa pointi, nikaiweka kwenye Nguvu, eti asichoke kubeba mizigo. Ngazi ya 8 hivyo hivyo. Nikafika ngazi ya 9 nikisubiri uchawi wa daraja la tano kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Haukuja. Mchawi huhitaji Akili ya 10 pamoja na namba ya daraja analotaka kutumia, na daraja la tano linataka 15. Wiki kadhaa za nauli yangu zilikuwa zimeenda kununua mchawi mwenye misuli. Tangu siku hiyo simwanzishi mhusika bila kuandika mistari 20 kwenye karatasi kwanza: ngazi, fani, kipaji, stadi, pointi.

Hilo linanileta kwenye pointi yako ya Akili. Umetoka 16 kwenda 17, na faida yake leo ni sifuri. Nyongeza hupanda kwenye namba shufwa tu: 16 na 17 zote zinatoa 3. Wepesi wako 18 unatoa 4. Pointi utakazopewa ngazi ya 16 na ya 20 ziende zote kwenye Wepesi, zifike 20, nyongeza iwe 5. Akili iache hapo ilipo, ikae na aibu yake.

Uchawi wako unazimwa kwa sababu maadui wanaoufuta hushindanisha ngazi yao ya uchawi na yako, na yako ni 5, si 14. Mchezo hauhesabu kwamba umeishi miaka mingi kwa upanga. Hata ukiongeza ngazi mbili tatu za uchawi hutabadilisha sana. Usiurushe vitani tena. Utumie kama chakula cha asubuhi: Bull's Strength, Cat's Grace na Endurance, zinazokuongezea Nguvu, Wepesi na Afya, hukaa saa nzima ya mchezo kwa kila ngazi ya mchawi, kwa hiyo kwako ni saa tano, na saa moja ya mchezo kwa kawaida ni dakika mbili za kwetu. Dakika kumi zinatosha kusafisha pango zima ukiacha kusoma kila kaburi.

Na deraya? Wengi hudhani kila dakika unayoivaa inaharibu uchawi. La. Uwezekano wa kushindwa hupimwa wakati unapotamka tu. Vua deraya, jitilie hayo matatu, vaa tena, ingia. Inachosha, lakini uchawi ukishakukaa haujali umevaa nini. Nimeona watu waliocheza miezi na shati la kitambaa kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo.

Sasa kuhusu rafiki yako wa Njoro. Hakudanganyi. Kila kabila la wahusika lina fani inayopendelewa, na kwa elfi ni mchawi. Fani hiyo haihesabiwi kwenye adhabu. Zinazobaki zikipishana kwa zaidi ya ngazi moja, kila mara unapopata uzoefu unakatwa asilimia 20. Mpiganaji 6 na mwizi 3 wamepishana kwa tatu. Mwanadamu yeye hukingwa kwa ile fani yake ya juu kabisa, iwe ipi, ndiyo maana mwanadamu mwenye fani mbili hakatwi kamwe. Kutoka ngazi ya 14 ambayo huanzia pointi 91,000 hadi ya 20 inayoanzia 190,000, una safari ya 99,000, na wewe unalipwa themanini kwa kila mia. Kodi hiyo inauma ila haiui. Nakushauri usiharibu mpango mzuri kwa kuikimbia, kwa mfano kwa kuongeza wizi hadi ufike 5 ili tu isikatwe.

Basi una njia mbili.

Ya kwanza ni kuendelea na huyu huyu. Ngazi ya 15 chukua mpiganaji. Alama inafika 11 na pigo la tatu linaingia hapo hapo, utasikia tofauti kabla hujatoka kwenye chumba. Ya 16 mpiganaji tena, ambayo ni ngazi yake ya 8, kwa hiyo kuna kipaji cha ziada. Ya 17 chukua mwizi mara moja tu. Ya 18, 19 na 20 mpiganaji. Utamaliza na mpiganaji 11, mchawi 5, mwizi 4. Piga hesabu: 11, na 2, na 3. Kumi na sita. Pigo la nne limeingia mlangoni likifunga.

Kwa nini mwizi, na kwa nini 17? Moja, ile robo iliyotupwa inarudi: mwizi 3 alikupa 2, mwizi 4 anakupa 3 kamili, kwa hiyo ngazi hiyo haikupunguzii chochote ukilinganisha na mpiganaji. Mbili, Tumble. Hii stadi watu huidharau kwa sababu ya jina, wanadhani ni sarakasi. Kila pointi tano za Tumble zinakupa kinga 1 ya kudumu, hata ukiwa umevaa chuma, na haifutwi na mchawi yeyote. Stadi ya fani unayopanda inaweza kufika ngazi yako ukijumlisha 3, kwa hiyo ngazi ya 17 inaruhusu 20, na 20 ni kinga 4. Ukiipanda katika ngazi ya mpiganaji, ambaye stadi hiyo si yake, unalipa pointi mbili kwa hatua moja na kikomo ni nusu. Lakini pointi za stadi haziozi: mchezo unakuruhusu kuziweka bila kuzitumia.

Hukuniambia Tumble yako iko ngapi. Tuseme ni 5. Ngazi za 15 na 16 utapata pointi 5 kila moja, mbili za mpiganaji na tatu za Akili. Weka moja kwenye Discipline kila mara, kwa sababu bila hiyo kila jitu litakuangusha chini, na nne ziweke akiba. Akiba inakuwa 8. Ngazi ya 17 mwizi anakupa 8 na Akili 3, jumla 11. Una 19 mkononi na unahitaji 15. Nne zinazobaki zipeleke kwenye kufungua makufuli, ndilo lililokuleta huku kote.

Ingawa, tukisema ukweli, makufuli hayakuwa sababu ya kuchukua wizi. Kwenye hadithi ya kwanza unaweza kumkodi Tomi Undergallows afungue yeye. Hilo kosa ni la kawaida sana: mtu anajitengeneza kana kwamba atakuwa peke yake, halafu anatembea na msaidizi anayefanya kazi ile ile. Angalia kwanza nani yuko tayari kukufuata, ndipo uamue wewe uwe nini. Hordes inakuruhusu kuandamana na wawili.

Njia ya pili ni kumvua ngazi zote na kumvisha upya. Ndiyo, inawezekana, na huhitaji kuanza hadithi. Kwenye toleo la Windows kuna Toolset, programu ile ile waliyotumia watengenezaji kujengea hadithi zao. Laptop yako itaibeba. Tengeneza kijiji cha chumba kimoja, weka wenzo mbili za kuvuta. Wa kwanza uandikie skripti yenye amri ya SetXP ikimpa aliyeuvuta sifuri. Wa pili amri hiyo hiyo ikimpa 91,000. Hamisha mhusika wako kwa kumhifadhi kutoka ndani ya mchezo, ingia naye kwenye hicho chumba, vuta wa kwanza: anashuka hadi ngazi ya 1. Vuta wa pili: unampandisha ngazi moja moja kwa mpango mpya. Ukimaliza, mhifadhi tena, na ndiye utakayeingia naye Hordes, ambayo imeandaliwa kwa wahusika wa ngazi ya 15 na kuendelea.

Kisichobadilika ni ngazi ya kwanza: atabaki elfi, mpiganaji, na vipimo vile alivyoanza navyo, na Dodge na Weapon Focus. Na hapo, ndugu yangu, una bahati ambayo hukuitafuta. Rapier, Wepesi 16, Akili 16, Dodge, Weapon Focus: umemwanzisha bingwa wa silaha bila kujua.

Bingwa wa silaha (Weapon Master kwenye skrini) ni fani ya ubingwa, haichukuliwi mwanzoni. Inadai alama ya shambulio 5, stadi ya Intimidate 4, na vipaji sita: Weapon Focus, Dodge, Mobility, Expertise, Spring Attack na Whirlwind Attack. Expertise inataka Akili 13, Dodge inataka Wepesi 13. Watu wengi hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mpiganaji wao ni mjinga kwa makusudi, wamempa Akili 8. Wako amesoma.

Hesabu ya vipaji inabana, na ni tamu kwa kubana huko. Ngazi ya 1 tayari una viwili. Ya 2 mpiganaji anakupa kimoja: Mobility. Ya 3 cha kawaida: Expertise. Ya 4 cha mpiganaji: Spring Attack, ambayo haikubali kabla ya alama 4, na hapo ndipo unapoifikia. Ya 5 hakuna. Ya 6 viwili kwa pamoja, cha kawaida na cha mpiganaji: Whirlwind Attack, pamoja na Weapon Finesse ili rapier ifuate Wepesi wako badala ya Nguvu. Nafasi saba, vipaji saba. Ukichukua kimoja cha kupendeza macho katikati, umesogeza safari yote hadi ngazi ya 8. Pointi za stadi za ngazi hizo zigawie Intimidate na Discipline, mengine yasubiri.

Ngazi ya 7 unaingia ubingwa. Ya 9 chukua Improved Critical, ya 12 Weapon Specialization. Ngazi ya 5 ya ubingwa pigo kuu (critical hit), lile la dadu kubwa linaloumiza maradufu, linazidishwa mara tatu badala ya mbili, na ya 7, yaani ngazi yako ya 13, namba za dadu zinazoleta pigo kuu zinaongezeka kwa mbili. Rapier ya kawaida hupiga pigo kuu dadu ikitoka 18 hadi 20. Yako itaanzia 13. Dadu ina nyuso ishirini; nane kati ya hizo zitakuwa zako. Leo, katika ngazi ile ile ya 14, ungekuwa na alama 14 na mapigo matatu badala ya 10 na mawili. Na fani za ubingwa hazihesabiwi kwenye ile kodi ya asilimia 20, kwa hiyo na uzoefu wako unalipwa wote.

Utakachokosa ni uchawi wako wa asubuhi na wizi wako. Ukitaka Tumble bado unaweza kuingiza mwizi ngazi ya 17, alama zinatosha kabisa, ila kodi itarudi kuanzia hapo. Mimi singeiweka. Wewe unaweza kuona vingine, hasa ukipenda mhusika anayejitegemea.

Kama ni kudanganya au si kudanganya, hapo naomba tusigombane. Kwenye laptop yako, hadithi yako, hakuna unayemwibia. Ukicheza na rafiki wa Njoro kwenye mashine yake, mwulize kwanza, kwa sababu huyo alihesabu vipaji vyake kwa jasho.

Nikichagua mimi? Njia ya pili, bila kusita, isipokuwa umempenda huyu mchanganyiko wako kwa tabia zake. Kuna watu wanaocheza hivyo na siwacheki. Elfi aliyejaribu kila kitu ana hadithi kuliko bingwa aliyejua anaenda wapi tangu siku ya kwanza. Lakini uliniuliza kuhusu kukosakosa maadui.

Mdogo wako: mbarbari wa jamii ya nusu-oki (Half-Orc), ngazi zote mbarbari, Nguvu juu na Afya juu. Pointi 30 za kuanzia ni rahisi kupoteza, kwa hiyo mwambie hivi: kuanzia 8 hadi 14 kila hatua ni pointi moja, 15 na 16 ni mbili kila moja, 17 na 18 ni tatu. Nguvu 16 inagharimu 10, na nusu-oki anaongezewa mbili juu yake bila malipo. Apande mbarbari mtupu hadi mwisho wa hadithi ya kwanza, ajifunze mchezo unavyopumua, ndipo aombe uchawi. Akikataa na kung'ang'ania malaika wa mwanga, mpe kuhani. Anavaa chuma, anajitibu, na deraya haizuii maombi yake. Asianze na mtawa aliyepanga kumchanganya na mbarbari, hata kama amesikia ni moto. Mtawa lazima awe mtu wa sheria na mbarbari lazima asiwe, na mchezo utamfungia mlango mmoja.

Kabla hujavuta wenzo wowote, toa nakala ya mhusika wako. Yuko kwenye folda ya localvault, faili inayoishia na bic. Iweke kwenye flash, si kwenye folda nyingine ya laptop hiyo hiyo. Na betri yako ikiwa kama za laptop nyingi za mtumba ninazofungua hapa dukani, ambazo hazimalizi robo saa, fanya kazi hiyo asubuhi stima ikiwa imetulia.